Mrejesho: yule wa diploma ya netiweki, Mbeya
Wakuu habari za mchana, mwezi wa kwanza niliwauliza nisome diploma ya netiweki miaka miwili, ada milioni 1.2 kwa mwaka bado chumba na msosi, au nijisomee mwenyewe nikafanye CCNA tu (kile cheti cha netiweki cha kampuni ya Cisco). Wengi mlinambia nikae kwanza na fundi. Nimekaa na bro mmoja hapa Mwanjelwa miezi mitatu, tunafunga kamera na waifai kwenye maduka na gesti, aisee siku ya kwanza nimepanga nyaya vizuri, nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nikabana kichwa cha waya, testa ya kupimia waya ikagoma taa ya tatu, nikakata nikarudia mara sita na ile baridi ya asubuhi vidole havishiki.

Nilichoona, mtaani hawaulizi cheti kabisa, ila matangazo ya ajira za serikali niliyosoma yote yanataka diploma kwenda juu, CCNA peke yake haikuvushi, halafu mtihani wake dola 300 na baada ya miaka 3 inaisha muda. Kwa hiyo naenda chuo mwezi wa kumi. Mzee kauza viazi kalipa muhula wa kwanza, inayobaki nitaitoa kwenye vibarua vya wikiendi, bro kanambia testa nibaki nayo. Asanteni sana wakuu, kweli mmenisaidia.