Tristan da Cunha: watu wasiofika 300 wanahitaji mtawala kutoka nje?

Mleta mada:
Wakuu, naomba tujadili kisiwa kimoja kilichojitenga kusini mwa Atlantiki. Tristan da Cunha ni eneo la ng'ambo la Uingereza, wakazi wake hawafiki 300, na wote wanaishi kijiji kimoja. Uwanja wa ndege hakuna. Meli kutoka Cape Town huchukua karibu wiki nzima, na bahari ikichafuka abiria hungoja nje hadi boti ziweze kuwafuata.

Gavana wao anakaa kisiwa cha Saint Helena, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapo. Kisiwani anawakilishwa na Mtawala anayeletwa kutoka nje. Kuna Baraza la wajumbe 8 wa kuchaguliwa na 3 wa kuteuliwa, na mgombea anayeongoza kwa kura huwa Mkuu wa Kisiwa. Ila sheria hutungwa na Gavana baada ya kushauriana nao. Kushauriana tu.

Mwaka 1817 William Glass na wenzake walitia saini makubaliano kwamba wote ni sawa na hakuna wa kujifanya mkubwa. Hadi leo ardhi ni ya wote, na kila familia ina kikomo cha mifugo, asije mmoja akajaza malisho kwa ng'ombe wake. Mwaka 1961 volkano ililipuka, wakahamishiwa Uingereza. Huko walikuwa na umeme na ajira, lakini walipopiga kura, 148 walitaka kurudi na 5 tu wakakataa. Wakarudi 1963. Watu wa namna hiyo mnawaambia hawawezi kupitisha sheria zao wenyewe?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hapo umeruka Pitcairn, kisiwa cha Uingereza huko Pasifiki. Ni kidogo zaidi ya hicho, kina baraza lake na meya wake. Mwaka 2004 wanaume 7 walipandishwa kizimbani kwa makosa ya ngono dhidi ya wasichana, 6 wakatiwa hatiani, meya wa wakati huo akiwemo. Sasa niambie, binti angeshtaki kwa nani? Kiongozi ni mjomba, na wanaopeleka boti kwenye meli kuchukua mizigo ni haohao watuhumiwa. Ukiwafunga, nani atashusha unga? Sehemu ambayo kila mtu ni ndugu, mgeni asiye na shemeji hapo ni kinga.

Mleta mada:
Hoja nzito, siipuuzi. Lakini Pitcairn haikukosa gavana. Ilikuwa naye miaka yote hiyo, ni balozi wa Uingereza nchini New Zealand, ofisi yake iko Wellington. Alimkinga binti gani? Walichokosa ni polisi wa kutoka nje anayekaa palepale, na ofisa wa ustawi wa jamii ambaye mtoto anaweza kumwendea. Hao nawaunga mkono hata kesho. Polisi na hakimu watoke nje, bajeti na malisho waachiwe wenyeji.

Mchangiaji wa pili:
Bajeti ya nini, wakati pesa yenyewe inatoka kwenye kamba kochi kwa sehemu kubwa? Mwaka 2011 meli ya mizigo Oliva ilikwama kwenye kisiwa jirani cha Nightingale, mafuta yakamwagika, uvuvi wa maeneo hayo ukasimamishwa. Wakazi wa Norfolk, kisiwa cha Australia, walikuwa wengi kuliko hawa na walikuwa na Bunge lao tangu 1979. Hazina ilipokauka, Australia ikalifuta 2015. Asiye na akiba hajitawali, mkuu.

Mleta mada:
Norfolk walifutiwa Bunge huku wengi wao wakiwa wamepiga kura kutaka wenyeji waamue. Hilo nalo liandike. Uhaba wa fedha dawa yake ni mkaguzi wa hesabu, na mkaguzi hahitaji kuwa mtawala wa mtu.

Halafu kuna jambo hamjaligusa. Mtawala asipokuwepo Tristan, anayekaimu ni Mkuu wa Kisiwa, mwenyeji huyohuyo mnayesema haaminiki. Mnaopinga, nitajieni kazi moja ya Mtawala ambayo huyu akikabidhiwa moja kwa moja itamshinda.