Wikendi Bagamoyo: tuanzie wapi?

Binti_Historia:
Shikamooni wakubwa. Nasoma historia, mwaka wa pili, hapa Dar. Jumamosi mimi na mwenzangu wa hosteli tunakwenda Bagamoyo, tunalala, tunarudi Jumapili jioni. Nilishapelekwa na shule nikiwa kidato cha pili, tukakimbizwa: Boma, picha, kanisa, picha, basi. Najua palikuwa makao makuu ya Wajerumani hadi 1891. Safari hii nataka kuona mji wenyewe. Tuanzie wapi? Na tuchukue mwongozaji au tutembee wenyewe?

Kijana_Tegeta:
Dada, wahini gari la asubuhi pale Makumbusho, maana foleni ya kuelekea Bunju inakula muda. Bebeni vitambulisho vya chuo na muulize kiingilio cha mwanafunzi. Mwenye kanga ya ziada aibebe, mtapita sehemu za ibada.

Mwalimu_Dunda:
Marahaba, mwanangu. Nimezaliwa Bagamoyo na nimefundisha somo hilohilo huku hadi kustaafu, kwa hiyo nivumilie nikisema kirefu.

Boma, lile jengo la utawala wa Wajerumani, iacheni kwanza. Mkishuka stendi chukueni bajaji hadi Kaole, kama kilomita 5 kusini, kabla jua halijawa kali. Kuna magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya nguzo. Tazameni nguzo kwa makini: kuna vishimo vya duara vilivyopachikwa mabakuli ya Kichina. Boma ilijengwa 1897. Mkiona Kaole kwanza, mtaiangalia Boma mkijua Mjerumani aliikuta pwani hii na biashara yake ya ng'ambo, ya karne nyingi.

Mchana rudini mjini, Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara. Hapo nawaomba mkae, msipite. Bagamoyo iliishi kwa mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, waliotembea miezi kutoka bara, kila mtu na mzigo wa kama kilo 30. Walikuja na pembe za ndovu, wakarudi na vitambaa, shanga na waya wa shaba. Wanafunzi wangu kila mwaka waliwachanganya na watumwa. Watumwa walipita hapa kweli, wala hilo lisifunikwe. Lakini wapagazi wengi walikuwa watu wa ujira: walipatana malipo, na wakidhulumiwa waliweza kutua mizigo njiani na kuondoka. Mwanafunzi wa historia asipoliona hilo, ataondoka na nusu ya mji.

Mulizeni mwongozaji habari za Sewa Haji Paradhi, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa akikusanya wapagazi na kuandaa misafara. Alitoa jengo liwe shule ya watoto bila kubagua rangi. Hata hospitali ya Muhimbili, Dar, jina lake lipo hadi leo.

Jumapili ndiyo siku ya Misheni, iliyoanzishwa na mapadri wa Roho Mtakatifu 1868. Mtaoneshwa mnara wa Livingstone, na kila mtu atapiga picha. Mimi pale huwa nawafikiria Chuma na Susi, watumishi wake. Livingstone alifariki Mei 1873 kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wao na wenzao walikausha mwili, wakaubeba zaidi ya kilomita 1,500 hadi hapa, Februari 1874. Alipozikwa Westminster Abbey mwezi Aprili, Chuma na Susi hawakuwepo. Katika msafara ule aliyehudhuria ni Jacob Wainwright. Hao wawili walifika Uingereza baada ya mazishi. Inaniuma mpaka leo kuwa jina kubwa pale ni la aliyebebwa.

Mpiga_Ngoma:
Mwalimu kasema vyema. Niongeze ufukweni: kuna mnara mahali Wajerumani walipowanyongea watu wa vita vya Abushiri, waliowapinga. Ni mdogo, ni rahisi kuupita. Abushiri mwenyewe walimnyongea Pangani, Desemba 1889. Na jioni ulizeni TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapo Bagamoyo, kama wanafunzi wa sanaa wana onyesho. Mimi nimesoma pale, hamtajuta.

Binti_Historia:
Asanteni sana. Mwalimu, la wapagazi nataka kulifanya mada ya utafiti wangu. Nikifika niwaulize nini wenyeji?

Mwalimu_Dunda:
Swali zuri hilo. Usianze na tarehe. Tafuta wazee wenye asili ya Unyamwezi, uliza babu zao walifikia nyumba ya nani, nani aliwapa kiwanja, walioa wapi. Salimia kwanza, kaa, usitoe simu ya kurekodi kabla hujaomba ruhusa. Mwongozaji chukueni palepale Caravan Serai, mpatane bei kabla ya kuanza kutembea, na mwambie mapema kuwa hamna haraka. Samaki wa kukaanga wapo soko la feri, kuleni huko.