Kisanduku cha dashibodi kimegoma, Benz W123: mafuta, fundi wa funguo au drili?

Mkweche_Rongai:
Wadau, nina Mercedes W123, ile 200 ya 1981. Nililinunua kwa mzee mmoja mstaafu, na injini haina neno. Shida ni kisanduku cha dashibodi. Ufunguo unaingia wote, lakini haugeuki hata kidogo. Ndani kuna kitu kinagongagonga kila nikipita tuta, na mzee anahisi ni kijitabu cha sevisi pamoja na karatasi za tangu gari likiwa jipya. Nimepewa ushauri wa aina tatu: nimwagie mafuta, nimwite fundi wa funguo, au nitoboe kwa drili niweke kitasa kingine. Nyinyi mngeanzia wapi? Dashibodi haina hata ufa, na ndoto yangu ni kulipeleka Concours, yale mashindano ya magari yaliyotunzwa vizuri, pale Ngong Racecourse, kwa hiyo bisibisi ya kubandulia sitaki kuisikia.

Jua_Kali_Kariobangi:
Mafuta kwanza, ndiyo njia isiyo na hasara. Vitasa vya magari hayo si kama cha mlango wa nyumba. Ndani mna vibamba vyembamba vya chuma, kila kimoja na springi yake, na ufunguo lazima uvilaze vyote ndipo silinda izunguke. Kibamba kimoja kikikwama tu, umekwisha. Sasa chukua grisi ya miaka 40, changanya na vumbi letu la murramu, humo ndani pameganda kama ugali wa jana. Puliza kwa hewa ya kompresa, nyunyiza WD-40, ingiza na utoe ufunguo mara nyingi bila kuulazimisha, halafu acha ilale usiku kucha. Ukilazimisha ufunguo ukakatikia ndani, hapo tutaongea lugha nyingine.

Mama_Datsun:
Fundi, kwa WD-40 tutakosana. Ile ilitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji kwenye chuma, hata jina lake linasema hivyo: WD ni “Water Displacement”, yaani kuondoa maji. Italegeza uchafu, sawa, lakini ukiiacha mle inabaki utando wa mafuta, na vumbi linarudi kunata. Mimi kwenye Datsun 160J yangu natumia grafaiti. Hakuna haja hata ya kununua: paka ufunguo risasi ya penseli laini, 2B kwa mfano, kisha uingize na kuutoa.

Jua_Kali_Kariobangi:
Dada, grafaiti haiyeyushi grisi iliyoganda. Osha kwanza, kausha kwa hewa, ndipo uweke hiyo penseli yako. Na visikutane vikiwa vibichi, maana grafaiti ikichanganyika na mafuta inakuwa tope jipya.

Mama_Datsun:
Hapo tumepatana.

Simba_504:
Mmesahau jambo dogo. Sukuma kifuniko kwa kiganja kuelekea ndani huku ukigeuza ufunguo. Mara nyingi kisanduku kimejazwa makaratasi yanayosukuma kifuniko nje, na ulimi wa kitasa unabanwa. Peugeot yangu haifunguki bila kofi.

Jua_Kali_Kariobangi:
Hiyo inafaa silinda ikizunguka na ulimi ukakataa. Yeye anasema haigeuki kabisa. Ugonjwa tofauti.

Simba_504:
Kweli. Basi drili iwe ya mwisho kabisa. Anayejua kazi huanza na ncha ya milimita 3 katikati ya silinda, kisha anapanua polepole, lakini mkono ukiteleza umeshachora plastiki iliyokaushwa na jua tangu enzi za Moi. Chembe za chuma nazo zinamwagikia karatasi zako. Na ukiweka kitasa cha spea kutoka Kirinyaga Road, utatembea na funguo mbili za gari moja. Kwa gari la maonyesho, mimi nisingegusa drili.

Ngara_Classics:
Ndugu Rongai, kabla hujamwaga chochote: unatumia ufunguo gani? Benz za wakati huo zilitoka na funguo za aina mbili. Kuna mkuu, unaofungua kila kitu. Halafu kuna wa pili, wa kumwachia mlinzi wa maegesho au kijana wa hoteli: huo unafungua milango na kuwasha gari, basi. Buti na kisanduku cha dashibodi umekatazwa kwa makusudi. Unaweza kukimwagia kitasa pipa la mafuta, hautageuka. Je, buti unalifunga kwa ufunguo huohuo?

Mkweche_Rongai:
Buti linafunguka kwa kubonyeza tu. Kulifunga kwa ufunguo haiwezekani, niliambiwa kitasa chake kilikufa zamani.

Ngara_Classics:
Milango na swichi ya kuwashia gari vinakubali, halafu hivyo viwili tu, vilevile ambavyo ufunguo wa pili hukataliwa, ndivyo vimekufa? Hakuna kitasa kilichokufa hapo. Mzee alipoteza ufunguo mkuu akabaki na mdogo wake.

Sasa una njia mbili. Unaweza kuagiza ufunguo kwa wakala wa Mercedes kwa namba ya chasisi na karatasi za umiliki. Utakuja umekatwa kama wa kiwandani, ila subira na mfuko viwe tayari. Au, kwa kuwa buti liko wazi, fungua kitasa chake kwa ndani na umpelekee fundi wa funguo. Akikitoa silinda anasoma vibamba kimoja kimoja na kukata ufunguo unaolingana navyo. Kitasa cha mlango kisimhadae, hicho kinakubali funguo zote mbili, kwa hiyo hakimwambii habari yote.

Mama_Datsun:
Niongeze: mpe kitasa peke yake, gari liache nyumbani. Fundi akikuuliza logbuku usinune, huyo ndiye wa kumwamini. Yule wa kuja kuchokonoa kisanduku kwa waya angekifungua, sikatai, lakini kesho ukikifunga umerudi palepale.

Mkweche_Rongai:
Nitatoa kitasa cha buti Jumamosi nikipeleke River Road. Ya wakala itasubiri mshahara.

Jua_Kali_Kariobangi:
Sawa. Lakini kikiwa mezani kwa fundi, mwambie akioshe kwa petroli kabla ya kusoma vibamba. Vikiwa vimenata atasoma uongo.