Ekari tatu za mteremko Subukia: fanya juu, mistari ya nyasi au bwawa la nailoni?

Mkulima_Subukia:

Hamjambo wakulima wenzangu. Nina ekari tatu za urithi huku Subukia, kaunti ya Nakuru. Ni ukanda mwembamba unaoanzia barabarani na kushuka hadi kijitoni. Nimepima mteremko kwa kamba ya mita kumi na pimamaji ya fundi: kwa kila mita kumi shamba linashuka mita moja na nusu, yaani asilimia 15. Karibu na kijito ni mkali zaidi. Juu nalima mahindi na maharagwe, nina ng'ombe wawili wa maziwa, na kule chini kuna mikaratusi aliyopanda baba.

Tatizo langu ni maji. Tangu barabara ya juu ipanuliwe, kalavati inamwaga moja kwa moja shambani kwangu. Masika yaliyopita yalichimba mfereji wa kufika magotini katikati ya mahindi na kuondoka na mbolea ya kupandia. Mahindi yaliyo kandokando ya mfereji yalikuwa ya manjano na mafupi, ilhali hatua chache pembeni yalisimama vizuri.

Nafikiria mambo matatu: matuta ya fanya juu (mtaro ambao udongo wake unatupwa upande wa juu kuwa tuta), mistari ya nyasi, au kuchimba bwawa na kulitandika nailoni ili maji hayo yanifae wakati wa kiangazi. Pesa niliyo nayo inatosha kufanya moja kwa ukamilifu, na nataka kazi iwe imekwisha kabla ya Machi. Waliofanya haya, nisaidieni. Mngechagua lipi?

Rongai_Kavu:

Ndugu, bwawa. Nakwambia bila kusita. Huku Rongai mvua ikikatika mapema tunabaki tunatazamana, na mwenye bwawa ndiye pekee anayepeleka sukuma wiki sokoni.

Piga hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ekari moja ni kama mita za mraba 4,047, kwa hiyo mvua moja nzuri ya milimita 30 inaangusha zaidi ya lita 120,000 kwenye ekari moja tu. Bwawa la mita 15 kwa 10 juu, kina mita mbili na nusu, kuta zikiwa na mlalo wa mita moja kwa moja, linabeba karibu lita 240,000. Robo ekari ya mboga hutumia kama lita 4,000 kwa siku, na jua litachukua zake, tuseme 750. Hapo una siku 50 hivi za kumwagilia bila tone la mvua. Maji hayo kwa sasa yanateremka kijitoni na udongo wako.

Nailoni usinunue nyembamba. Na tafadhali weka uzio tangu siku ya kwanza, na kamba yenye mafundo ikining'inia kila upande. Nailoni ikilowa huteleza, mtoto au hata mtu mzima akitumbukia hapati pa kushika.

NyarNyakach:

Mkulima wa Subukia, pole kwa shamba. Mimi natoka Nyakach, kaunti ya Kisumu, na picha uliyoichora naijua. Mtu akitaka kuona mfereji wa kufika magotini unavyogeuka ukiachwa, aje Katuk Odeyo. Kuna korongo huko limekula mashamba, njia na boma za watu, na linaendelea kupanda juu kila mvua kubwa. Hilo ndilo jambo ambalo wengi hawalijui: korongo hukua kuelekea juu. Maji yakianguka kwenye ukingo wake yanachimba chini ya ukingo, ukingo unaporomoka, na asubuhi unakuta umesogea.

Kwa hiyo kabla ya kuchagua chochote, ziba huo mfereji ungali mdogo. Mawe yakiwapo, panga vizuizi vifupi kuukatiza, katikati ya kila kimoja pawe chini kidogo kuliko pembeni ili maji yapite hapo na yasizunguke. Mawe yasipokuwapo, gongomea vigingi vya miti inayochipua, sukia matawi, na panda nyasi nyuma yake tope likishajaa.

Upande wa bwawa sitabishana na ndugu wa Rongai, ila huku kwetu tunaoshuka kuelekea Kano udongo ni mweusi wa mfinyanzi. Kiangazi unapasuka hadi mkono unaingia kwenye nyufa. Ukichimba mtaro wa fanya juu ndani yake, maji yanaingia kwenye nyufa na kutokea upande wa pili wa tuta. Sisi nyasi zimetusaidia zaidi.

Maragoli_Robo_Ekari:

Naunga mkono nyasi, kwa sababu nyingine. Huku Vihiga mashamba yamegawanywa hadi mtu analima robo ekari, na fanya juu inakula ardhi. Mtaro na tuta vinachukua kama mita moja na nusu, kisha baada ya mita kumi na moja tena vingine. Ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya shamba lako.

Angalia mfumo wa vuta-sukuma uliotengenezwa na watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita. Desmodi, mmea wa lishe wa jamii ya kunde, unaipanda katikati ya mistari ya mahindi; nepia, ile nyasi ndefu ya ng'ombe, unaizungusha pembeni. Harufu ya desmodi inawafukuza nondo wa viwavi vya mabua, nepia inawavuta nje. Mizizi ya desmodi inazuia kayongo, lile gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, na majani yake yanafunika udongo ili tone la mvua lisipige moja kwa moja. Mimi naikata kulisha ng'ombe na inachipua tena. Jembe moja, kazi nne.

Tahadhari moja: chunguza nepia yako inatoka wapi. Ugonjwa wa kudumaa umeharibu nepia nyingi magharibi, hasa Bungoma na Busia. Ukiona shina linatoa majani madogo ya manjano mengi kama ufagio baada ya kukatwa, usichukue kipandikizi hapo, hata kama unapewa bure.

Mwalimu_wa_Udongo:

Wanangu, nimesoma yote na nimefurahi. Nilikuwa ofisa wa kilimo wa nyanjani hadi nilipostaafu, na kazi yangu kubwa ilikuwa hii hii.

Mkulima wa Subukia, umeuliza uchague kipi kati ya vitatu. Uliza kwanza: maji yanatoka wapi? Shambani mwako kuna maji ya namna mbili. Kuna mvua inayonyesha juu ya shamba lenyewe, na kuna maji ya wageni yanayoletwa na kalavati. Fanya juu na mistari ya nyasi vimeundwa kwa maji ya namna ya kwanza. Ukiviachia maji ya barabara, tuta la kwanza litajaa na kupasuka, maji yake yataongezeka kwenye la pili, la pili litapasuka kwa nguvu zaidi, na chini utapata hasara kubwa kuliko ya mtu ambaye hakuchimba kitu. Nimeona mashamba mazuri yakiharibika hivyo kwa usiku mmoja, na mwenye shamba akalaumu matuta.

Kwa hiyo mtaro wa juu kabisa, ule wa chini ya barabara, usiwe fanya juu. Uwe kingamaji. Udongo wake unatupwa upande wa chini, na mtaro unapewa mwinamo mdogo, usiozidi nusu mita kwa kila mita mia, ili maji yatembee bila kuchimba. Udongo wenu wa majivu ya volkano ni mwepesi sana, hausamehe maji ya kasi. Kingamaji ni lazima iwe na pa kumwagia: njia pana ya maji iliyo na nyasi ya kikuyu iliyoshika, au bwawa. Na hapa ndipo bwawa la ndugu wa Rongai linapata mahali pake.

Lakini sikubaliani na mtu anayelichimba popote. Juu ya mteremko wa asilimia 15, kwenye udongo mwepesi, na nyumba za watu ziko chini, mimi singeruhusu bwawa la kuta za kuinuliwa. Solai si mbali na kwenu. Mei 2018 bwawa lilipasuka huko na watu zaidi ya 40 wakafa. Lile lilikuwa bwawa kubwa la ukuta, siyo shimo la mkulima, ila maji yana tabia ileile. Chimba ndani ya ardhi, pembeni mwa shamba mahali palipotulia, weka shimo dogo la kunasa mchanga kabla ya maji kuingia, na njia ya kutolea maji ya ziada ipandwe nyasi kabla bwawa halijajaa mara ya kwanza. Ukifikiria kuzuia maji ya kijito chenyewe, hilo ni jambo lingine. Nenda kwanza ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Sasa fanya juu. Maragoli amesema kweli kwamba inachukua ardhi, ila tuta lake linapandwa nyasi na nyasi ni lishe, kwa hiyo mwenye ng'ombe wawili hajapoteza eneo hilo. Kwa mteremko wako, nafasi ya mita 11 hadi 12 kati ya tuta na tuta inafaa. Mtaro sentimita 60 upana, sentimita 60 kina, udongo unatupwa juu, na uache kingo ya sentimita 15 au zaidi kati ya mtaro na tuta ili udongo usirudi ndani. Kila msimu udongo unaoteremka unakaa juu ya tuta, na polepole shamba linajilaza lenyewe kuwa ngazi. Mistari ya nyasi pekee nayo itafika huko, ila kwa asilimia 15 itachukua muda mrefu, na wewe mmomonyoko umeshaanza.

Kupima usawa hakuhitaji mtaalamu. Chukua miti miwili ya mita mbili, ifunge juu, ikatize na wa tatu katikati, ning'iniza kamba yenye jiwe kutoka kileleni. Simamisha, weka alama kamba inapogusa mti wa katikati. Geuza miguu ikanyage palepale, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndio usawa. Tembea nayo shambani ukipigilia vigingi, kisha rudi nyuma utazame mstari wote. Penye kona ya ghafla, sogeza kigingi kidogo ili jembe la ng'ombe lipite.

Cheptais_Juu:

Naongeza la kwetu Mlima Elgon. Mwalimu amesema maji yatembee, na kwa sehemu kali nasisitiza zaidi. Ile sehemu ya chini karibu na kijito usichimbe mitaro ya kukalisha maji kabisa. Udongo wenye kina kirefu ukishiba maji kwenye mteremko mkali unateleza wote kwa pamoja, miti na kila kitu. Kanuni za matumizi ya ardhi za mwaka 1965 zilikataza kulima mteremko unaozidi asilimia 35, na waliozitunga walikuwa na sababu.

Mikaratusi ya mzee ivune kidogo kidogo lakini usiing'oe visiki, mizizi inashika ukingo. Katikati yake anza mianzi au miti ya kienyeji.

Mkulima_Subukia:

Nashukuru sana, mmenifungua macho. Mwalimu, asante kwa muda wako. Nimetembea shamba lote jana na vigingi na naona mpangilio: kingamaji kwanza, mfereji uzibwe, halafu fanya juu mbili za juu mwaka huu na nyingine mwaka ujao. Bwawa lingoje.

Imebaki shida moja. Ukanda wangu ni mwembamba, kwa hiyo kingamaji itaishia kwenye mpaka wa jirani. Pa kumwagia ni mpakani au kwake.

Mwalimu_wa_Udongo:

Hilo ndilo gumu kuliko kuchimba. Mpango wa taifa wa kuhifadhi udongo ulipoanza mwaka 1974 kwa msaada wa Uswidi, maofisa walimfuata mkulima mmoja mmoja, na mitaro mingi iliishia mpakani na ugomvi. Kuanzia 1988 utaratibu ukawa wa kupanga bonde zima kwa pamoja, na wakulima wenyewe wakichagua kamati. Maji hayatambui hati ya shamba.

Usimpelekee jirani mtaro uliokwisha. Mwite kabla ya jembe la kwanza. Mtembee wote wawili wakati mvua inanyesha, aone kalavati ikimwaga na aone maji yakiingia kwake pia huko chini, kwa sababu lazima yanaingia. Njia ya maji ikae juu ya mpaka, nusu kwako nusu kwake, na nyasi zake kila mmoja akate upande wake.

NyarNyakach:

Na muandikiane. Sisi tuliandika karatasi moja mbele ya naibu wa chifu na wazee wawili: upana wa njia ya maji, nani anaisafisha, na kwamba hakuna wa kuilima. Mwingine akiuza shamba, mnunuzi anaonyeshwa karatasi hiyo. Pia mkiwa majirani wanne au watano, barua ya kuomba kalavati iwekewe mawe ya kupunguza kasi inasomwa tofauti na barua ya mtu mmoja.

Maragoli_Robo_Ekari:

Mwambie pia nyasi za hapo zitalisha ng'ombe wake. Huo mjadala huisha haraka.

Mkulima_Subukia:

Nitamwona Jumapili baada ya kanisa. Nani wa karibu ana nyasi ya kikuyu au makarikari ya kupanda? Nitakuja na usafiri wangu.

Rongai_Kavu:

Makarikari ninayo ya kutosha, nitakutumia ujumbe wa faragha. Njoo mvua ikianza, siyo kabla. Tutang'oa na udongo kidogo kwenye mizizi, tufunge kwa gunia lililoloweshwa, na upande siku hiyohiyo, mashina yakipishana kama shibiri moja kwenye mistari miwili. Na bwawa ukiwa tayari mwakani, nitafute tena.