Mpini wa bastola unateleza: epoksi ya rangi na chembe, inawekwaje?

Kiganja_Jasho
Wakuu, bastola ina mpini wa plastiki ngumu, ile nailoni yenye nyuzi za kioo. Mkono ukitoka jasho unateleza. Tepu ya mkwaruzo sitaki, huinuka pembeni. Nataka tabaka la kudumu, rangi ya kijani iliyokoza. Je, epoksi itashika kwenye nailoni? Chembe za mkwaruzo za kunyunyizia juu yake, namba ngapi? Na rangi inatiwa kwenye epoksi au kwenye chembe?

Msasa220
Kwanza toa magazini, vuta slaidi, chungulia chemba na uipapase kwa kidole, halafu fungua slaidi uiweke kando. Risasi zisikae meza moja na kazi.

Epoksi inashika, ila kwa nailoni inashikilia mikwaruzo kuliko plastiki yenyewe. Kwa hiyo usifanye mchezo na maandalizi. Piga msasa namba 180 ukiwa umeulowesha maji, mpaka mng'ao wote uishe, hata ndani ya vijinafasi vya nakshi (hapo tumia msasa uliokunjwa au mswaki wa waya laini). Maji ni kwa sababu vumbi lenye nyuzi za kioo halifai kuvutwa puani. Barakoa vaa vilevile. Osha kwa sabuni ya vyombo, kausha, kisha futa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa safi, ukigeuza kitambaa kila mara. Baada ya hapo usiguse kwa mkono mtupu. Alama moja ya kidole chenye mafuta ya bunduki inatosha kuacha kipande kitakachobanduka kama ganda la kidonda.

Funika kwa tepu ya karatasi ya wapaka rangi: kitufe cha kutolea magazini na milimita 3 kukizunguka, mdomo wa kuingizia magazini, matundu ya pini, na namba ya silaha. Namba hiyo isizibwe hata kidogo.

Eneo la mpini wa kawaida ni kama sentimita 100 za mraba, na tabaka la milimita 0.3 linahitaji mililita 3 tu. Lakini changanya gramu 10. Ukipima kidogo mno, tone moja la ziada linavuruga uwiano wa resini na hadina (kigandishaji chake), na epoksi yenye uwiano mbaya haigandi, inabaki kunatanata. Pima kwa mizani ya gramu 0.1 au nzuri zaidi, ukifuata uwiano wa uzito ulioandikwa kwenye chupa. Uwiano wa ujazo ni kitu kingine, kwa kuwa hadina kwa kawaida ni nyepesi kuliko resini. Koroga dakika 3, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe.

Paka nyembamba kwa brashi ya nywele fupi, nyunyizia chembe mpaka usione unyevu, acha igande, pukuta zilizobaki, kisha tabaka jembamba la pili la kuzifungia. Tepu itoe epoksi ikiwa imeanza kuwa kama mpira. Ukisubiri ikauke kabisa, ukingo utakatika vipandevipande.

Rangi_Kavu
Kwenye swali la rangi, Msasa220 amepita juu kwa juu. Chembe za silikoni kabaidi za kawaida ni nyeusi. Ukipaka epoksi ya kijani halafu ukamwaga hizo juu, utapata mpini mweusi. Tumia oksaidi ya alumini nyeupe na utie rangi kwenye epoksi ya matabaka yote mawili. La pili ndilo jicho litakaloliona.

Rangi iwe ya unga au ya kukolea iliyotengenezwa kwa ajili ya epoksi, isizidi asilimia 5 ya uzito: kwa gramu 10 ni nusu gramu. Ikizidi, tabaka linakuwa dhaifu. Rangi ya maji usithubutu kuitia. Koroga rangi ndani ya resini kwanza, hadina baadaye, usije ukatumia muda wa kuganda kuvunja madonge.

Kijani iliyokoza ni chaguo zuri. Epoksi hugeuka manjano juani, na kwenye nyeupe au samawati hafifu utaliona haraka.

Jambo moja linasahaulika: kwenye hewa yenye unyevu, hadina nyingine huacha utelezi kama nta juu ya tabaka la kwanza. Lioshe kwa maji ya uvuguvugu, kausha, ndipo upake la pili. Alkoholi peke yake huusambaza tu.

Kiganja_Jasho
Asanteni. Nafikiria namba 46 ili ishike kwelikweli. Nyuma juu, pale panapokaa katikati ya gumba na shahada, nipake pia?

Ala_na_Mkanda
Namba 46 ni ya ngazi za meli, ndugu. Chembe yake ina karibu milimita 0.35, itakula shati, bitana ya koti na ngozi ya ubavu kama bastola inabebwa kiunoni. Namba 80 ni karibu milimita 0.2, namba 120 ni karibu 0.1. Weka 80 mbele na nyuma ya mpini, 120 pembeni, hasa upande unaogusa mwili. Pale katikati ya gumba na shahada acha wazi: bastola ikirudi nyuma, ngozi inachunika.

Usipake pia kwenye kikingio cha kifyatulio. Ala ngumu (kifuko cha kubebea bastola) huishika hapo, na unene ukiongezeka itakwama au chembe zitaichubua ala.

Usiwe na haraka: subiri siku 7 kabla ya kuifuta kwa mafuta au viyeyusho; saa 24 ni za kuweza kuishika tu. Na epoksi iliyoganda kwa joto la chumba huanza kulegea kwenye nyuzi joto 50 hadi 60 za Selsiasi, kwa hiyo ikiachwa ndani ya gari juani, chembe zinaweza kusogea chini ya shinikizo la ala.

Msasa220
Naongeza: kama bastola ina vibao vya mpini vya kufungua kwa skrubu, nunua vya akiba ufanyie kazi hivyo, vile vya asili vibaki salama. Na kama mpini umefunikwa mpira wa silikoni, acha kabisa. Epoksi haitashika hapo hata upige msasa siku nzima.