Mrejesho: ombi la kibali cha machimbo ya mawe kurudishwa

Niliuliza kwa nini ombi la kibali cha machimbo madogo ya mawe limerudishwa ilhali ada imelipwa. Kumbe tatizo ni ramani. Kona nne za eneo zilisomwa kwa GPS iliyowekwa kwenye WGS84 (mfumo wa vipimo vya mahali unaotumika dunia nzima), fomu inataka mfumo wa ramani za zamani. Tofauti inaweza kufika mamia ya mita, na hapa eneo likaangukia shamba la jirani! Dawa: badili mfumo kwenye kifaa, kisha simama upya kwenye kila bikoni (alama ya mpaka) usome namba, maana namba za kukadiria mezani zitarudishwa tena.

La pili, mpango wa mazingira haukuonyesha udongo wa juu utalundikwa wapi. Utengwe mbali na mkondo wa maji, maana ndio utakaotandazwa juu shimo likifukiwa. Ukichanganyika na kifusi, mimea haitaota vizuri.