Dula wa mwisho wa maisha: anapatikana vipi, na nimhoji nini?

Kitindamimba:
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Mama yangu ana saratani iliyokwisha kusambaa, na madaktari wametueleza kwamba kilichobaki ni huduma shufaa ya kumtuliza maumivu. Muuguzi anayemtembelea nyumbani alitutajia dula wa mwisho wa maisha, nami nikaitikia kwa kichwa kana kwamba namfahamu, ilhali neno hilo nilikuwa nimelisikia katika habari za uzazi tu. Je, mtu huyu hufanya nini ambacho muuguzi hafanyi, na nitamtambuaje aliye mzuri kabla sijamwingiza chumbani kwa mama?

Muuguzi Mstaafu:
Pole sana kwa kuuguza. Hukukosea kulihusisha neno hilo na uzazi: lina asili ya Kigiriki, likimaanisha mtumishi wa kike, na lilizoeleka kwanza kwa wanaowasindikiza wajawazito. Mwaka 2003, huko New York, Henry Fersko-Weiss alianzisha mpango wa kuwafunza watu kukaa na wanaokaribia kufa, akiufuata mfano huo wa dula wa uzazi.

Dula si mhudumu wa tiba. Hadungi sindano wala habadilishi kipimo cha mofini, na akikuambia kwamba anaweza kufanya hivyo, mshukuru na umsindikize mlangoni. Kazi yake ni kukaa, kusikiliza, kumsaidia mgonjwa kuandika barua au kurekodi sauti yake kwa ajili ya wanaobaki, kupanga nanyi mkesha wa siku za mwisho, na kuwaeleza mapema dalili mtakazoziona ili zisiwatie hofu.

Anza kwa kuiuliza timu ya huduma shufaa inayomhudumia mama, kwa kuwa mara nyingi huwafahamu madula waliowahi kufanya nao kazi. Kwa kawaida kazi hii haina leseni ya serikali, na cheti hutolewa na taasisi iliyomfunza mhusika. Kwa hiyo mimi huthamini zaidi maneno ya familia alizozihudumia. Muulize atakuja nani ikiwa ataugua usiku ule mnaomhitaji, kisha mwandikiane saa zake, malipo yake kama yapo, na siku ambayo kazi yake itakoma.

Mjane wa Pili:
Mimi nilimwachisha dula wa kwanza baada ya ziara mbili, kwa sababu alizungumza mno habari za imani yake mwenyewe, na marehemu mume wangu alikuwa akijifanya amelala ili aondoke. Wa pili alikuja mume wangu angali na nguvu za kusema, na hilo ndilo lililotufaa kuliko yote, kwani alimuuliza angependa asikie nini siku ambayo hataweza tena kujibu. Alisema hataki nyimbo. Anataka redio itangaze mpira kwa sauti ya chini. Tulifanya hivyo.

Usiku wa mwisho pumzi yake ilikuwa ikikatika kwa muda mrefu, kisha inarejea kwa nguvu. Ningepiga mayowe, lakini dula alikuwa ametueleza jambo hilo wiki moja kabla. Alinionyesha namna ya kumlowanisha midomo kwa kijiti chenye sifongo badala ya kumnywesha maji ambayo hangeweza kuyameza, akanikabidhi kijiti, kisha akarudi kuketi karibu na mlango. Kiti cha karibu na kichwa alikuwa ameniachia tangu siku ya kwanza.

Mzee wa Kaskazini:
Naona sote tunamshauri binti, na mgonjwa hajaulizwa. Baba yangu alikataa katakata, akasema hataki mgeni wa kumhesabia siku, nasi tukamheshimu. Dula yule alitusaidia sisi watoto kwa simu tu, na hakuwahi kuvuka kizingiti cha chumba chake.

Kitindamimba:
Nawashukuru nyote, na kwako mzee nakiri kosa, kwa kuwa nilikuwa nimepanga kumweleza mama baada ya kukubaliana na dula. Nimemweleza jioni hii. Aliniuliza jambo moja tu: je, mtu huyo anaweza kutunza siri, hata kwangu mimi? Nimemjibu kwamba atamuuliza mwenyewe, nami nitawapisha.